Naomba ushauri: waifai ya kando ya barabara kwa abiria wa matatu

Hamjambo, wakubwa kwa wadogo. Mimi na mwenzangu tuna matatu mbili za Kisumu kwenda Busia. Ruta (kile kifaa cha kugawa intaneti) iliyo ndani ya gari hutumia laini ya simu, na bando zinatumaliza. Abiria wawili wakifungua video, wengine wote wananung'unika hadi Luanda, mji ulio njiani. Kuna mzee mmoja huwa anadai arudishiwe nauli!

Tukafikiria kuweka waifai kwenye maduka ya kando ya barabara yenye faiba (intaneti ya waya), gari likipita lishike. Tumejaribu maduka mawili, Kisian na Maseno. Gari likisimama stejini, mambo shwari. Likiwa mwendoni, hakuna kitu. Nimepiga hesabu: mawimbi yanafika kama mita 100 kila upande, na kwa kilomita 80 kwa saa gari linakata mita 22 kila sekunde. Yaani tuna sekunde 9 tu, na ruta yetu hula 5 au 6 kuunganishwa na kupewa anwani ya mtandao (IP). Nimeweka jina na nywila moja kote, nikapandisha antena juu ya paa. Nafuu ni ndogo mno.

Sasa naulizia: kuna namna ya ruta kuhamia duka linalofuata bila kuomba anwani upya? Ama niachane na mwendo, gari lipakue video na habari stejini, abiria wazitazame kutoka hifadhi iliyo garini? Aliyewahi kujaribu hili la pili anieleze alitumia mtambo gani. Asanteni.