Je, barabara ya Malindi ipewe jina la Jenerali Ogolla?

Mwana wa Barani: Assalam alaykum, ndugu wa Malindi. Naleta hoja, na naomba ijadiliwe kwa utulivu. Tarehe 18 Aprili 2024 Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, alifariki pamoja na wanajeshi wengine tisa helikopta yao ilipoanguka Elgeyo Marakwet, walikokuwa wamekwenda kuangalia hali ya askari na shule zilizofungwa kwa sababu ya wizi wa mifugo. Alikuwa rubani wa ndege za kivita kabla ya kupanda vyeo, na ndiye mkuu wa majeshi wa kwanza nchini kufa akiwa kazini. Napendekeza barabara itokayo uwanja wa ndege kuingia mjini iitwe kwa jina lake, ili anayeshuka kwenye ndege apokewe na jina la rubani.

Binti Shela: Waalaykum salaam. Sina neno na marehemu, Mungu amlaze pema. Ila nauliza, Malindi na ndege za kivita wapi na wapi? Mji huu haujui vita vya angani. Unajua jahazi, nyavu na watalii. Kama tuna jina la kutoa, yuko Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama kuupinga ukoloni, ambaye Waingereza walimhamishia Kisii akatoroka akarudi kwao, na ambaye mpaka leo tunadhani sanamu inatosha.

Mzee wa Maweni: Mwanangu Binti Shela, usilolijua wewe usiseme mji haulijui. Oktoba 1940 ndege za Waitalia, ambao wakati huo walikuwa wameikalia Somalia ya kusini, ziliangusha mabomu hapa hapa Malindi. Marehemu mama alikuwa akitusimulia jinsi watu walivyokimbilia mashambani, na jinsi kwa siku nyingi baadaye kila mngurumo wa radi ulivyowatoa watoto mbio. Huna makosa kumtaja Mekatilili. Una makosa kwa hilo la vita vya angani.

Binti Shela: Shikamoo babu. Nimekubali kusahihishwa. Lakini kwa maelezo yako, ndege za kivita zilizotujia zilitujia kutupiga, jambo ambalo naona linaisaidia hoja yangu kuliko ya Mwana wa Barani.

Fundi wa Kwachocha: Kabla hamjaenda mbali, hao hao wanajeshi wa anga si ndio waliotaka kupindua serikali mwaka 1982, hata jeshi lao likavunjwa na kubadilishwa jina? Leo tuwazawadie barabara?

Mwalimu Mstaafu: Fundi, jaribio lile lilikuwa la tarehe 1 Agosti 1982. Ogolla alijiunga na jeshi Aprili 1984, wakati ambapo jeshi la anga lilikuwa limeshapewa jina la Jeshi la 82, jina lililokuja kuondolewa mwaka 1994. Kumhukumu kwa lililotokea kabla hajavaa sare ni sawa na kumlaumu bwana harusi kwa talaka ya mume wa kwanza.

Fundi wa Kwachocha: Mwalimu, hapa si darasani na mimi si mwanafunzi wako. Nilisema wanajeshi wa anga, sikumtaja mtu. Hayo ya bwana harusi yanahusu nini?

Kijana wa Ngomeni: Maadamu Mzee wa Maweni amewataja Waitalia, siwezi kunyamaza. Kituo cha anga kilichoko kwetu Ngomeni, ambacho roketi zake zilirushwa kutoka majukwaa ya baharini tangu 1967 hadi 1988, kimepewa jina la Luigi Broglio, mhandisi aliyekuwa afisa wa jeshi la anga la Italia. Kwa hiyo mnaobishana kama Malindi impe heshima mwanajeshi wa anga mmechelewa. Ilishampa, na si Mkenya. Na tarehe 12 Desemba 1970 ilipopaa kutoka pale setilaiti ya Marekani, iliitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku yetu ya uhuru. Tazameni basi biashara tuliyofanya: jina letu limekwenda angani, la kwao limebaki kwenye lango.

Mpishi wa Casuarina: Kijana, miaka kumi na tisa nimepika katika jikoni za hao Waitalia na nimesomesha watoto watatu. Waliodondosha mabomu si hawa waliokuja kujenga hoteli, na anayeishi Malindi akadai hajawahi kufaidika nao kwa namna yoyote aape kwanza ndipo tumsikilize.

Kijana wa Ngomeni: Sikumtukana mpishi wala mwajiri wake, mama. Nimesoma jina lililoandikwa langoni.

Mpishi wa Casuarina: Basi lisome na la Vasco da Gama, aliyepita hapa mwaka 1498 na nguzo yake tukaitoza kiingilio. Mbona Wareno huwaoni?

Mwalimu Mstaafu: Naomba tuwaache Wareno. Barabara inayopita uwanja wa ndege ni ile ile kuu ya Mombasa, na kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 barabara kuu za taifa ziko chini ya serikali ya taifa, huku za kaunti zikiwa chini ya kaunti. Hata madiwani wote wa Kilifi wakikubali, watakuwa wanagawa kisicho chao.

Mwana wa Barani: Mwalimu, sikusema lazima iwe hiyo kuu. Ziko nyingi za ndani zisizo na jina, ambazo mwenye bodaboda ukitaka akufikishe humwelekeza kwa mkwaju na duka la unga. Mojawapo ingefaa.

Binti Shela: Zile za vumbi? Mkuu wa majeshi wa nchi nzima tumpe kichochoro kisicho na lami, halafu tuseme tumemheshimu?

Mzee wa Maweni: Binti, mtu yule aliusia azikwe bila jeneza na asicheleweshwe, akazikwa kwao Siaya siku ya tatu. Hakuwa Mwislamu, lakini siku ile hapa Maweni hapakuwa na aliyehitaji kuelezwa maana ya wosia ule. Aliyeridhika kulala mchangani bila sanduku hatachukia vumbi la barabara yetu. Mimi nilikuja kupinga. Kwa hilo la kichochoro naunga mkono.

Binti Shela: Babu, hapo umenifunga mdomo kwa Ogolla. Kwa Mekatilili bado, naye nataka apewe yenye lami.

Fundi wa Kwachocha: Leteni lami kwanza, kwa yeyote. Karatasi ya jina nitatia sahihi papo hapo.

Mwana wa Barani: Basi nitaandika barua kwa diwani kuhusu barabara ya ndani. Nani atatia sahihi pamoja nami na Mzee?

Mpishi wa Casuarina: Mimi nitatia. Lakini Kijana wa Ngomeni asidhani nimemaliza naye.