Mkebe wa sarafu za marehemu babu: je, nizisafishe, na niziorodheshe kwa utaratibu gani?

Mjukuu_wa_Karani (Tanga)

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu wote. Marehemu babu yangu alikuwa karani wa bandari hapa Tanga, na katika miaka yote ya kazi yake alikuwa akiweka kando sarafu alizopewa na mabaharia, pamoja na zile zilizokwisha kuondolewa katika matumizi. Mwezi uliopita familia ilinikabidhi mkebe wake wa biskuti ukiwa na sarafu 214. Nyingi ni za Afrika Mashariki: senti kumi zenye tundu, shilingi zenye simba, heller za Wajerumani, pesa mbili za Unguja zenye picha ya mizani, na riale moja kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780. Zipo pia za Uhindi, Ureno, Ugiriki na Japani. Baadhi zimo ndani ya vifurushi saba vya karatasi ambavyo babu aliviandika juu kwa penseli.

Kabla ya kuomba ushauri nilikwisha kufanya jambo ambalo sasa linanitia wasiwasi. Nilichukua heller tatu za shaba nikazisugua kwa ndimu na majivu, kama bibi alivyokuwa akisafisha sinia kabla ya Idi. Ziling'aa siku ile, lakini zimebaki na rangi ya waridi isiyofanana na sarafu nyingine yoyote mkebeni, na baada ya wiki mbili zimeanza kutoka madoa meusi. Tena, zile ambazo babu mwenyewe alizitia katika vifuko vya plastiki laini zimepata ute wa kijani unaonata vidoleni.

Sina nia ya kuuza hata moja. Ninachotaka ni kuzihifadhi zidumu, na kuziandika kwa namna ambayo wanangu wataelewa ni nini walichorithi. Nisafishe au nisisafishe? Katika hewa hii ya pwani niziweke wapi? Na daftari nilipange kwa nchi, kwa mwaka au kwa madini?

Mzee_wa_Mvita (Mombasa)

Marahaba, mjukuu wangu, na Mungu amrehemu babu yako. Nianze na ndimu, maana hilo haliwezi kusubiri: usiguse nyingine. Sinia la shaba ni nene na hutumika kila siku, kwa hiyo ukiliondolea tabaka jembamba la juu halipungukiwi kitu. Sarafu, kinyume chake, michoro yake yote imo katika tabaka hilohilo la juu. Asidi ya ndimu hula madini, majivu hukwaruza, na ile rangi ya hudhurungi iliyojengeka kwa miaka mia moja huondoka kwa dakika tano. Sisi wakusanyaji huiita ngozi ya sarafu, kwa sababu huikinga shaba iliyo chini yake, na ikishachunwa, madini mabichi hushikwa na hewa upya bila mpangilio. Hayo ndiyo madoa meusi unayoyaona. Hakuna dawa ya kuirudisha. Suuza heller zako kwa maji safi ili asidi isiendelee kula, zikaushe, uziweke peke yake, na uandike katika daftari kwamba zimesuguliwa. Miaka itazitia rangi tena, ingawa haitakuwa ile ya kwanza. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana niliipiga mswaki kwa unga wa meno rupia ya mwaka 1888, ile ya kampuni ya Waingereza yenye jina la Mombasa, nikadhani nimeipendezesha. Bado ninayo, na mikwaruzo yake huonekana kila ninapoigeuza mbele ya taa.

Ute wa kijani ni jambo tofauti, nao una tiba. Plastiki laini ya PVC hulainishwa kwa kemikali ambazo hutoka polepole, hasa penye joto, na kuishambulia shaba. Zitoe sarafu zote humo leo hii. Chovya moja moja katika asetoni safi ya dukani kwa wauza kemikali, ndani ya chombo cha kioo, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa mbali kabisa kwa kuwa asetoni hushika moto upesi. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai, kwa sababu huchanganywa na mafuta na manukato. Usisugue, acha ute uyeyuke wenyewe, badilisha asetoni, kisha iache sarafu ikauke juu ya kitambaa laini. Asetoni haili madini yenyewe, ndiyo maana tunaitumia.

Chunguza pia kama kuna unga wa kijani kibichi kilichofifia, mfano wa chokaa, ambao ukiupangusa hurudi. Huo ni ugonjwa wa shaba, na husababishwa na chumvi iliyoingia ndani ya madini ikikutana na unyevu. Sisi watu wa pwani tunaujua vizuri. Sarafu iliyo nao itenge na wenzake mara moja, iloweke katika maji yaliyokenekwa (yale maji safi ya kuongezea betri, wala si asidi yake), na uwe unabadilisha maji hayo kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, kisha uikaushe kabisa. Udongo wa kawaida nao huondoka kwa kulowekwa katika maji hayohayo. Nyingine zote ziache zilivyo.

Kuhusu mahali pa kuweka, tafuta vishikizo vya karatasi ngumu vyenye dirisha la plastiki ya polyester, ambayo ni kavu na haina harufu. Plastiki inayonukia kama pazia jipya la bafuni ndiyo adui. Pini za kufungia zibane kwa koleo ziwe bapa, zisije zikakwaruza sarafu ya jirani. Panga vishikizo katika kisanduku chenye mfuniko unaobana, tia ndani vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe au uvikaushe kila vinapolowa. Epuka gazeti, raba za kufungia na kabati la mbao mbichi, maana vyote hutoa hewa inayoitia fedha weusi. Na kila unaposhika sarafu, ishike ukingoni, kamwe si usoni, kwa kuwa jasho la kidole huacha alama isiyofutika.

Mtunza_Kumbukumbu (Dar es Salaam)

Namuunga mkono mzee, ila nimestushwa na kitu ulichokitaja kwa kupita tu: vifurushi saba vyenye maandishi ya penseli. Ndugu yangu, kama hujavifungua, simama hapo hapo. Katika mkebe wote huo hakuna kitu kisichopatikana penginepo isipokuwa hicho. Shilingi ya mwaka 1925 ipo nyingine sokoni. Karatasi inayosema babu yako aliipata kwa nani na lini ni moja tu duniani. Kabla ya kutoa sarafu katika kifurushi, kipige picha kikiwa kimefungwa, kipe namba, soma na unakili maandishi yake neno kwa neno hata usipoyaelewa, kisha ndipo ukifungue na kuandika sarafu zilizomo zikiwa kundi moja.

Hivyo swali lako la nchi, mwaka au madini linakuwa dogo. Ipe kila sarafu namba yako mwenyewe, kuanzia 1 hadi 214, ambayo haitabadilika kamwe, na namba hiyo uiandike kwenye kishikizo, si kwenye sarafu. Ukiwa na namba ya kudumu unaweza kupanga orodha upendavyo katika kompyuta bila kupoteza chimbuko. Kwa kila sarafu andika mtoaji (nchi au mamlaka iliyoitoa), thamani iliyochapwa, mwaka kama ulivyoandikwa, herufi ya kiwanda kama ipo, madini, uzito, kipenyo, hali yake na kifurushi ilimotoka. Mizani ndogo ya sonara inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu inatosha, pamoja na kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) na sumaku.

Vipimo hivyo si mapambo. Shilingi za Afrika Mashariki za kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha robo, na zile za 1948 hadi 1952 hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli, ingawa simba ni yuleyule na milima ni ileile. Herufi nazo husimulia mengi: H ni kiwanda cha Heaton huko Birmingham, KN ni Kings Norton. Katika heller, A ni Berlin na J ni Hamburg. Ukikuta heller 5 au 20 yenye mwaka 1916 na herufi T, umeshika sarafu iliyopigwa Tabora wakati wa vita, Wajerumani walipozingirwa na meli za Waingereza zikawazuia kupata fedha kutoka kwao. Utaona kazi yake ni ya haraka, taji la heller 20 likiwa kubwa katika baadhi na dogo katika nyingine, na tofauti hizo zinafaa kuandikwa.

Pesa zako za mizani ni za Sultani Barghash. (Neno letu pesa ni hilohilo la sarafu hii, lililotujia kutoka Uhindi.) Mwaka wake ni wa Hijria kwa tarakimu za Kiarabu, kwa kawaida 1299 au 1304. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha uongeze 622, utapata mwaka wa Miladia kwa kukaribia: 1299 inaangukia 1882.

Riale_Kuukuu (Maskati)

Assalaam alaykum. Naongeza mawili. La kwanza, usiandike kwamba riale yako ni ya mwaka 1780. Maria Theresa, malkia wa Austria mwenye sura hiyo, alifariki mwaka huo, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani zetu waliiamini sura ile na hawakutaka nyingine, viwanda vya Vienna, London, Roma, Bombay na kwingineko viliendelea kuipiga kwa tarehe ileile hadi karne ya 20. Huku Omani tuliitumia mpaka mfumo mpya wa fedha ulipokuja mwaka 1970. Andika "tarehe iliyochapwa 1780, imepigwa baadaye". Ipime: iliyo sahihi ina gramu 28 na kidogo, na fedha yake ni sehemu 833 katika 1000. Iliyopungua sana uzito huo ni ya kuigiza.

La pili, namba za KM ambazo utazikuta katika orodha za kimataifa, zilizotokana na majina ya Krause na Mishler, ziandike katika safu yake, lakini usizitumie badala ya namba zako. Hizo hutambulisha aina ya sarafu. Hazitambulishi sarafu ya babu yako.

Mjukuu_wa_Karani (Tanga)

Nawashukuru sana. Vifurushi vinne nilikwisha kuvifungua na kuchanganya, na ninajuta, ila karatasi zake sikuzitupa. Vitatu vilikuwa bado vimefungwa, na jana nimevipiga picha na kuvifungua kwa utaratibu mliouelekeza. Kimoja kimeandikwa "Kilwa, pwani, 1958", na ndani mna sarafu nne ndogo sana za shaba, nyembamba, zenye maandishi ya Kiarabu yaliyolika. Nizitie katika maji?

Nimejaza pia mstari wangu wa kwanza, naomba mniangalizie: "Namba 1. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Senti 10, yenye tundu. 1936. Herufi H. Jina la Mfalme Edward VIII. Kifurushi: hakijulikani, mkebeni. Nadra sana."

Mtunza_Kumbukumbu (Dar es Salaam)

Za Kilwa usizitie popote. Yaelekea sana ni sarafu za masultani wa Kilwa, waliopiga fedha zao kabla ya Wareno kuivamia Kilwa mwaka 1505. Katika zile za Ali bin al-Hasan, maneno ya upande mmoja huwa na kina kimoja na maneno ya upande wa pili, kama mistari ya shairi, na hata herufi mbili tatu zilizosalia zinaweza kumtosha mtaalamu kulitambua jina. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wataalamu wanajadiliana zilifikaje huko. Hapo ndipo utaona uzito wa kujua kitu kiliokotwa wapi.

Kuna na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hukinga vitu vilivyotengenezwa Tanzania kabla ya 1863, na Kilwa Kisiwani ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Usiziuze, usizitoe nje ya nchi, na upeleke taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale ukiwa na picha ya karatasi ya babu. Ile 1958 ya penseli itakusaidia sana, kwa sababu inaonyesha ziliokotwa kabla sheria hiyo haijatungwa. Kwa sasa kila moja ikae katika kishikizo chake, kavu, bila kusuguliwa.

Mzee_wa_Mvita (Mombasa)

Mstari wako umekaa vizuri, mjukuu wangu, isipokuwa maneno mawili ya mwisho. Ni kweli Edward VIII alitawala chini ya mwaka mmoja, na senti zetu ni miongoni mwa sarafu chache duniani zilizolichukua jina lake, lakini zilipigwa kwa mamilioni. Wengi tuliokua na sarafu hizo tulizichezea watoto. Futa "nadra sana", na mahali pake andika hali yake: kama maandishi ya kuzunguka tundu yanasomeka yote, na kama ukingo umepigwa. Kisha endelea na namba 2.