Mjadala: Haldol inaua chembe za ubongo? Na hizi dawa mpya je?

Mtoa mada

Ndugu zangu, salaam. Mdogo wangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, mwaka wa saba sasa. Miaka minne ya mwanzo alitumia haloperidoli, ndiyo hiyo Haldol, dawa ya zamani. Sauti zilinyamaza, lakini alitembea kama aliyefungiwa ubao mgongoni, mikono haichezi, mate yanamtoka. Akaongezewa Artane, ya kupunguza huko kukakamaa. Baadaye tukahamia olanzapini, moja ya dawa mpya, tunanunua wenyewe. Mwili ukalegea, akaanza kucheka tena, ila ndani ya mwaka ameongezeka kilo 18. Wiki iliyopita shangazi katumiwa ujumbe kwenye simu kwamba dawa za zamani zinaua chembe za ubongo na mpya zinazikuza. Familia imegawanyika, wengine wanataka aache dawa zote.

Naweka msimamo wangu, mnipinge. Dawa mpya ziwe chaguo la kwanza kwenye kliniki za serikali, lakini si kwa sababu hiyo ya kuua na kukuza.

Haloperidoli, iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, hushika kwa nguvu vipokezi vinavyoitwa D2, yaani milango ya seli inayopokea dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kwenye ubongo. Shida ni kwamba vipokezi hivyo vimetapakaa. Vingi viko kwenye seli za neva zinazoratibu mwendo, ndani kabisa ya ubongo. Dawa ikifunika kiasi cha asilimia 65, dalili huanza kupungua. Ikikaribia 80, mwili unakaza. Nafasi kati ya nafuu na madhara ni finyu kiasi hicho. Viko pia kwenye seli za tezi ya pituitari zinazotoa homoni ya maziwa, ndiyo maana hata mwanamume anaweza kuvimba matiti (na risperidoni, ingawa ni mpya, hufanya vivyo hivyo). Olanzapini na klozapini, mpya nyingine, hufunga pia vipokezi vya kemikali nyingine, serotonini na histamini, na hapo ndipo inapotokea ile njaa isiyoshiba. Katika yote haya seli haiuawi. Inafungiwa mlango.

Muuguzi, wodi ya akili

Mtoa mada, nakubali nusu. Saa nane usiku analetwa kijana kafungwa kamba na ndugu zake, hajalala siku nne. Sindano ya haloperidoli na promethazini inamtuliza, ipo stoo, bei yake haiumizi. Kidonge atakitema. Wanaokaa mbali, sindano ya kila mwezi ya flufenazini, nayo ya zamani, ndiyo inayowabakiza nyumbani kwao. Ndiyo, nimeona shingo zinapinda na macho yanapanda juu baada ya sindano, na inatisha, lakini tunajua la kufanya. Sukari inayopandishwa kimyakimya na hizo mpya miaka mitatu, nani ataiona? Kwetu mzani upo, vipimo vya sukari huisha katikati ya mwezi.

Halafu tusizipambe mno hizo mpya. Utafiti wa CATIE wa Marekani, uliotoka 2005, ulihusu wagonjwa karibu 1,500. Asilimia 74 waliacha dawa waliyopangiwa kabla ya miezi 18. Waliopewa olanzapini walidumu nayo zaidi, lakini ndio walionenepa zaidi. Perfenazini, dawa ya zamani, ilikwenda sambamba na mpya nyingine.

Mwanafunzi wa famasia

Kaka, umezungumzia seli za neva tu. Ubongo una pia seli za glia, zile zinazozihudumia seli za neva, na huko ndiko swali la shangazi linakopata uzito.

Kuna jaribio la Marekani lililofanywa kwa nyani 18 aina ya makaki, makundi matatu ya sita sita: haloperidoli, olanzapini, na kidonge kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia. Walipewa kwa miezi 17 hadi 27, kwa viwango vinavyolingana na vya damu ya mgonjwa. Mwaka 2005 ikaripotiwa kwamba ubongo wa waliotumia dawa ulikuwa mdogo kwa asilimia 8 hadi 11, na hilo lilikuwa kwa makundi yote mawili. Baadaye wakahesabu seli za sehemu moja ya gamba la ubongo. Idadi ya seli za neva haikupungua. Zilizopungua ni za glia, hasa astrosaiti, kwa karibu moja ya tano. Astrosaiti ndizo zinazolisha seli za neva na kuzoa glutamati, kemikali nyingine ya ujumbe, inayomwagika baina yake. Kwa hiyo dawa mpya nayo imo, wala haikukuza kitu.

Mambo ya "kuua" hutoka zaidi kwenye seli zilizooteshwa maabara na kumiminiwa haloperidoli nyingi. Ile si dozi ya kidonge. Na nyani hao hawakuwa wagonjwa, wakati skizofrenia yenyewe huambatana na mabadiliko ya ubongo hata kabla ya dawa.

Mtumiaji wa dawa

Niruhusuni nami, maana mnaotuzungumzia ndio sisi. Mwaka jana nilitumiwa ujumbe kama wa shangazi nikaacha dawa. Mwezi wa pili nikapotea nyumbani siku tisa. Sikumbuki nilikula nini. Sasa nimerudi kwenye dawa, na mdomo wangu unatafuna hata kama sina kitu kinywani. Watoto wa mtaani wananiiga. Miaka yote ile hakuna aliyeniambia kwamba hilo linaweza kutokea na huenda lisiondoke. Nisingekataa dawa. Ningeomba dozi ndogo, au ningechagua kunenepa. Hilo la kuchagua ndilo ninalolidai.

Mtoa mada

Muuguzi, narekebisha kauli: usiku ule wa kamba haloperidoli ibaki. Ninachopinga ni dozi ya usiku ule kuendelezwa miaka minne bila mtu kuuliza, kama alivyofanyiwa mdogo wangu. Mwanafunzi, sikujua kwamba olanzapini nayo ilikutwa hivyo kwa nyani. Nitamweleza shangazi kama ulivyoandika, pamoja na hilo la seli za neva kutopungua. Kliniki ni Jumanne, na kipimo cha sukari tutakinunua duka la dawa kabla ya kwenda.

Mtumiaji wa dawa, nimemsomea mdogo wangu maneno yako. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: mdomo ulianza wakati bado unatumia dawa, au ulipoacha? Ukiweza, mjibu yeye mwenyewe. Atasoma.