Mrejesho: ziara ya sharika na watoto

Wapendwa, niliuliza tufanyeje na watoto waliochoka kuzungushwa kwenye sharika zinazotutegemeza, tukiwa likizo kutoka umisheni Msumbiji. Mlishauri tupunguze safari na watoto wapewe kazi. Tumefanya hivyo.

Jumapili iliyopita tulikuwa Rungwe, walikofika wamisionari wa Moravian mwaka 1891. Binti yangu, yuleyule aliyegoma kushuka garini Vwawa, alisimama mwenyewe akaimba pambio kwa Kimakua, lugha ya huko Msumbiji. Kanisa zima kimya! Kwenye mnada wa sadaka, bibi mmoja akanunua mkungu wa ndizi, akamkabidhi yeye: "Za njiani hizi, mjukuu wangu." Machozi yalinitoka.

Makambako tumeahirisha, mdogo wake ana mafua. Ndaga fijo (asanteni sana, kwa Kinyakyusa), wapendwa.