Mjadala: Je, sheria ya faragha inamzuia mchapishaji kukwambia jarida lako liko wapi?

Mleta mada, Kisumu

Nimeleta swali hili hapa kwa sababu najua kuna wengine Nyanza na Magharibi wanaolipia majarida ya ng'ambo na kuambulia ukimya.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Maseno. Sanduku lake la posta liko Kisumu mjini tangu enzi za ualimu, na mimi ndiye ninayelifungua. Kaka yangu aliyeko Uingereza alimlipia jarida la sayansi linalochapishwa huko, litumwe kila mwezi. Mzee hasomi kwenye simu. Anataka karatasi, na penseli ya kuandikia pembeni. Toleo la kwanza lilifika, la pili likachelewa, kisha kimya. Pesa bado zinakatwa kwenye kadi ya kaka.

Mzee alipowaandikia, walimjibu kwamba sheria ya ulinzi wa data hairuhusu wazungumze naye, kwa kuwa si yeye aliyelipa. Kaka alipowaandikia, wakamwambia matoleo yote yametumwa, na kwamba habari za usafirishaji ziko kwa kampuni nyingine, nazo haziwezi kutolewa kwa sababu ya sheria ileile. Aliyelipa ananyimwa, anayepokea ananyimwa. Sasa sheria hiyo inamlinda nani?

Lile toleo la pili ninalo hapa mezani. Kibandiko cha anwani kina jina la Mzee, Maseno, Kisumu, 40100, Kenya. Namba ya sanduku haipo. Kaka ana nakala ya fomu aliyoijaza na namba aliiandika, ila aliiweka kwenye nafasi ya mtaa, kwa sababu fomu yenyewe haikuwa na mahali pa sanduku la posta. Kwetu barua haziletwi mlangoni. Bila namba ya sanduku, kila kitu kinamtegemea mfanyakazi wa posta ambaye labda analijua jina. Tunachoomba ni kidogo mno: wamsomee Mzee anwani yake mwenyewe kama ilivyo kwenye kompyuta yao. Msimamo wangu ni kwamba hakuna sheria ya faragha inayokataza hilo, na wanaoitaja wanakwepa kazi. Anayeona vinginevyo aseme.

Mchangiaji, Nakuru

Mimi naona vinginevyo, dada. Nimefanya kazi ya kuhudumia wateja kwa simu hapa Nakuru, na najua yanayopita upande ule. Mtu anapiga akijifanya mke wa mteja, eti anataka tu kuhakikisha anwani. Siku nyingine ni mwanamume anayemsaka mwanamke aliyemkimbia. Kwa sauti huwezi kumjua mtu. Ukikosea mara moja tu, kuna mtu ataumia kweli.

Na sheria ile ya Ulaya ya ulinzi wa data, GDPR, ina meno. Faini inaweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya kampuni duniani kote kwa mwaka, ipi iliyo kubwa zaidi. Yule anayejibu barua pepe hana ruhusa ya kupima mambo mwenyewe. Anafuata alichoandikiwa, na akikiuka anapoteza kazi. Mlaumu aliyeandika yale majibu, lakini tahadhari yenyewe msiidharau.

Mchangiaji, Bungoma

Mzee anunuliwe tableti, maandishi yakuzwe, jarida asome siku hiyohiyo linapotoka. Kungoja karatasi kutoka Uingereza hadi Maseno ni kujitafutia presha bure.

Mchangiaji, Kakamega

Mimi ni wakili. Kampuni hiyo imechanganya mambo ambayo sheria imeyatenganisha.

Sheria inayotajwa ilianza kutumika Ulaya tarehe 25 Mei 2018. Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya iliibakiza kama sheria yake, sambamba na Sheria yake ya Ulinzi wa Data ya 2018. Kifungu cha 15 cha GDPR kinampa kila mtu haki ya kupata taarifa zake zinazoshikiliwa na kampuni. Kifungu cha 12 kinataka ajibiwe ndani ya mwezi mmoja, kwa kawaida bila malipo. Ombi likiwa tata wanaweza kuongeza miezi miwili, na wakiwa na shaka ya msingi wanaweza kumtaka mwombaji athibitishe kuwa ni yeye. Hapo ndugu wa Nakuru ana hoja. Lakini haki hiyo haikupewa aliyelipa peke yake. Ni ya mtu ambaye taarifa zinamhusu. Jina na anwani ya Mzee ni taarifa za Mzee, hata kama pesa zilitoka kwa mwanawe. Namba ya kadi ni ya mwana, na hiyo Mzee asipewe.

Nayo tarehe ambayo kila toleo lilitumwa ama si taarifa binafsi ya mtu yeyote, ama ni ya Mzee mwenyewe. Kwa vyovyote vile hawana sababu ya kumnyima. Na kusema habari ziko kwa kampuni nyingine hakuwaondolei wajibu: ikiwa inashika data hizo kwa niaba yao, wa kujibu ni mchapishaji.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa haki kama hiyo katika kifungu cha 26, na kifungu cha 4 kinazigusa hata kampuni za nje zinazochakata data za watu walio Kenya. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kwa kesi hii, hata hivyo, ningeanzia kwa msimamizi wa ulinzi wa data wa Uingereza, ICO, maana kampuni iko chini ya mkono wake moja kwa moja.

Kisha kuna sheria ambayo hamjaitaja. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Haki za Wateja ya Uingereza ya 2015 kinasema hasara ya bidhaa kupotea inabaki kwa muuzaji mpaka bidhaa imfikie mnunuzi, au mtu aliyetajwa na mnunuzi kuipokea. Mtu huyo ni Mzee. Kwa hiyo kumwambia kaka yako kwamba matoleo yametumwa hakutoshi.

Mchangiaji, Kisumu

Nimestaafu kazi ya posta, na nina jambo moja. Barua iliyosajiliwa hubeba namba yenye alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka, GB kwa Uingereza. Majarida mengi hayana namba hiyo. Yanatumwa kwa wingi kwa bei nafuu, na yakishaondoka hayafuatiliwi. Angalia ile plastiki ya toleo la pili, mwanangu. Kama haina namba, basi hakuna mtu London wala Nairobi anayeweza kukuonyesha matoleo mengine yalipita wapi. Nadhani hao hawafichi kitu. Hawajui, na kusema sheria inawakataza ni rahisi kuliko kukiri kwamba hawajui.

Mleta mada, Kisumu

Nimeiangalia, mzee wangu. Haina namba yoyote, na nashukuru kwa sababu umenifungua macho. Mimi nilidhani wananyima. Kama ni kutojua, mbona wasiseme hivyo? Mzee angekubali. Kinachomuuma ni kuambiwa kwamba yeye si mtu wa kuzungumziwa mambo yenye jina lake juu. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kusoma anaambiwa anwani yake ni siri dhidi yake!

Ndugu wa Nakuru, uthibitisho wa kitambulisho naukubali kabisa. Wangeuomba, angeutuma siku hiyohiyo. Hawakuuomba.

Wa Bungoma, tableti anayo. Macho yake yanachoka na mwanga ule, na kilicholipiwa ni karatasi. Siwezi kumwambia baba abadilishe macho kwa sababu kampuni imeshindwa kuandika namba ya sanduku.

Kwa ushauri wa wakili tutagawana kazi. Mzee ataomba taarifa zake mwenyewe, kwa jina lake. Kaka atadai matoleo yaliyokosekana au pesa zirudi, chini ya ile sheria ya wateja. Swali nililobaki nalo: kuna mtu hapa aliyewahi kupata mchapishaji anayekubali kutuma jarida kwa rejista hadi Kenya, na nyongeza ya bei ilikuwa kiasi gani?

Mchangiaji, Nakuru

La rejista sina jibu. Ila Mzee anapoandika, asiandike kwamba anauliza habari za usajili, maana ataangukia kwenye majibu yaleyale. Aandike wazi kwamba anaomba nakala ya taarifa zake binafsi chini ya kifungu cha 15, aweke tarehe, aambatishe nakala ya kitambulisho. Na aitume kwa afisa wao wa ulinzi wa data kama wanaye. Anwani yake huwa chini kabisa ya ukurasa wao wa faragha. Kule haishughulikiwi na watu wa simu.