Tovuti ya kufuatilia safari za kasa na papa potwe: tuijenge kwa njia ipi?

Mwalimu wa Kihesa
Kamwene wanajukwaa. Klabu ya mazingira ya shule yetu, hapa Iringa, inataka tovuti yenye ramani ya safari za kasa, papa potwe na nyangumi, ili wanafunzi na wazazi waguswe na uhifadhi wa bahari hata kama wengi wao hawajawahi kuiona. Kila Jumamosi tunaokota chupa za plastiki ukingoni mwa Ruaha Mdogo. Maji yale huingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, na delta ya Rufiji inatazamana na kisiwa cha Mafia. Tumebakiwa na njia tatu: kujijengea wenyewe kwa WordPress, programu ya kuundia tovuti, kumlipa kijana atutengenezee tovuti mpya kwa Leaflet, programu ya kuweka ramani kwenye tovuti, au kutumia ramani ambazo watafiti wameshaziweka mtandaoni. Kamati inaamua Ijumaa. Ipi ni bora?

Msangu
Mwalimu, umeacha mambo ambayo bila hayo hakuna awezaye kukushauri. Data za safari hizo mtazitoa wapi? Mna fedha kiasi gani, si za kuanzia tu bali za kila mwaka? Na ni nani atakayeitunza tovuti wanafunzi wa sasa wakishamaliza kidato cha nne?

Mwalimu wa Kihesa
Niwie radhi, Msangu. Tuna shilingi 600,000 kwa kila kitu, na mtunzaji ni mimi. Kuhusu data, tulidhani zinapatikana bure.

Msangu
Baadhi ni za bure na baadhi si za bure, na jambo hilo lina uzito kuliko uchaguzi wa programu. Kasa hubandikwa kifaa juu ya gamba kwa gundi. Anapoibuka kuvuta pumzi, kifaa hutuma ishara kwa setilaiti za mfumo wa Argos, ulioanza kazi mwaka 1978. Ishara ikiwa nzuri, makosa ya mahali hayazidi mita 250; ikiwa mbaya, huvuka kilomita moja na nusu, kwa hiyo msishtuke ramani ikimwonyesha kasa yuko nchi kavu.

Papa potwe ni samaki, hana haja ya kuibuka ili apumue, na setilaiti haimpati kirahisi hivyo. Pale Mafia watafiti waliwawekea vifaa vinavyotoa mlio, wakatega vipokezi chini ya maji, ndipo ikajulikana kwamba papa hao, ambao huonekana mbele ya mji wa Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi, wengi wao hawahami miezi mingine, bali hushuka kwenye kina na kusogea mbali kidogo na pwani. Vipokezi vya namna hiyo havitoi mstari wa safari. Vinaeleza tu nani alipita wapi na lini. Hifadhidata ya Movebank ina safari nyingi za wanyama, lakini mwenye data ndiye anayeamua zionekane au zisionekane. Mwandikieni mtafiti kabla ya kumlipa fundi yeyote.

Fundi Mwanjelwa
Nakubaliana na Msangu kuhusu data, lakini kwa ramani yenyewe nashikilia Leaflet. Ni ya bure, ina uzito wa kilobaiti 40 hivi, na wazazi watafungua tovuti hiyo kwa simu zenye bando dogo. WordPress inadai masasisho kila mara, na ikisahauliwa miezi michache huweza kudukuliwa.

Mama Tukuyu
Mwalimu, mimi nakusihi utazame kwanza jina la tovuti litaandikishwa kwa nani. Kikundi chetu cha kutunza chemchemi kilimlipa kijana mmoja atengeneze ramani ya vyanzo vya maji vya kata yetu, naye akafanya kazi nzuri sana, kila chemchemi ikiwa na alama yake ya buluu na kipimo cha maji cha kila mwezi. Jina aliliandikisha kwa barua pepe yake mwenyewe, na sisi hatukujua hata kuuliza. Mwaka wa pili alihamia Dar es Salaam na namba yake ikawa haipatikani. Siku tuliyopata wageni waliotaka kutusaidia, nilitoa simu mbele yao niwaonyeshe ramani, nikakuta ukurasa wa kuuza viatu kwa lugha nisiyoijua. Nililia siku ile. Kilichotuokoa ni daftari la katibu wetu, ambalo vipimo vyote viliandikwa kwa penseli, ingawa kurasa nne zilikuwa zimelowa na namba hazisomeki tena. Shule yenu ina haki ya jina linaloishia na .sc.tz, liandikisheni kwa jina la shule, si la fundi wala la mwalimu.

Mkazi wa Kyela
Kwa nini mkimbilie bahari wakati samaki mbasa wa Ziwa Nyasa naye anasafiri, anaipanda mito kwenda kutaga, na nyavu zinamngojea mdomoni mwa mto? Watoto wa nyanda za juu wangemwelewa upesi zaidi kuliko papa.

Fundi Mwanjelwa
Mbasa anastahili tovuti yake, ndugu yangu, lakini mwalimu ameuliza kuhusu bahari.

Mkazi wa Kyela
Maji ya Nyasa hushuka kwa mto Shire hadi Zambezi, na Zambezi huingia bahari hiyohiyo kule Msumbiji. Sijatoka nje ya mada.

Mwalimu wa Kihesa
Nimewasikia wote, na shukrani za pekee kwa Mama Tukuyu. Je, ramani ionyeshe mahali kasa alipo leo hii? Wanafunzi ndicho wanachokitamani zaidi.

Msangu
Hapana, nakuomba sana. Kasa jike hurudi kutaga ufukweni mara kadhaa katika msimu mmoja, kila baada ya wiki mbili hivi, na anayewinda mayai akiuona ufukwe kwenye ramani yenu ataufikia kabla ya walinzi. Ucheleweshaji wa miezi kadhaa hautawapotezea chochote.

Fundi Mwanjelwa
Lakini watoto wakijua ni safari ya mwaka jana, watarudi kuitazama kweli? Ramani ichelewe wiki mbili tu.

Msangu
Wiki mbili ndizo hasa anazorudi, Fundi.

Mwalimu wa Kihesa
Nitaiomba kamati iahirishe uamuzi hadi mtafiti atujibu. Wakati huo, Fundi, inawezekana mstari wa Ruaha Mdogo na Rufiji ukachorwa kwenye ramani moja na safari ya kasa, kuanzia pale tunapookota chupa?

Fundi Mwanjelwa
Inawezekana. Simameni pale ukingoni na simu, mniandikie namba za mahali.