Naomba ushauri: niwafundisheje Darasa la Tano jinsi chakula kinavyopatikana shambani?

Chaki Nyeupe (Newala):
Ndugu wanajukwaa, nafundisha Sayansi na Teknolojia katika shule isiyo na maabara. Wanafunzi wangu wamekariri kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya kabonidayoksaidi, lakini ukiwauliza wanga wa muhogo umetoka wapi, wanajibu kuwa umetoka kwenye udongo. Nimewaandalia ziara ya shamba la mikorosho wiki ijayo, ila nafsi yangu haijatulia. Mnanishauri nianzie wapi?

Mama Ufuta:
Anzia na muhogo wenyewe, mwalimu. Kata kipande, dondoshea aidini, nao watauona wanga ukigeuka buluu iliyokoza hadi kukaribia weusi. Kisha, ukipata mche wa karanga, waonyeshe vinundu vya mizizini, ambamo bakteria huinasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Kinundu kinachofanya kazi, ukikipasua, huwa chekundu ndani.

Babu wa Mikindani:
Enzi zetu za Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, hatukuhitaji aidini. Tulilima, tukapalilia, tukabangua korosho, na mafuta ya maganda yakatubabua vidole. Watoto wa siku hizi wanadekezwa mno.

Jembe Butu:
Kumbe ndiyo maana, babu, mashine ya kusajili laini inakataa alama zako za vidole.

Kipanga:
Mwalimu, shamba hilo ni la nani, na watoto watafanya nini huko?

Chaki Nyeupe:
Ni la mwalimu mkuu. Wataona jinsi dawa ya salfa inavyoikinga mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na watasaidia kubeba mifuko na maji. Barua za wazazi zimekwisha kutumwa, na kuahirisha sasa ni kumvunjia heshima mkubwa wangu. Isitoshe, hiyo ni sayansi: ubwiriunga ni ugonjwa wa kuvu, na ukiyashambulia maua, korosho hazitungi.

Mama Ufuta:
Vumbi la salfa huwasha macho na kukereketa kifua, tena hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yangali na umande. Hicho ni kibarua, si ziara. Ukipata usafiri, omba uwapeleke kituo cha utafiti cha Naliendele wakaone mikorosho inavyobebeshwa, yaani kikonyo cha mkorosho bora kinavyoungwa kwenye mche mwingine.

Kipanga:
Mimi nina shaka na kisa chote. Salfa ya unga hupulizwa kavu. Maji ni ya nini? Na wanafunzi wa kutwa watafikaje shambani kabla ya mapambazuko? Huyu si mwalimu, ni mtu mwenye ugomvi na mwalimu mkuu.

Jembe Butu:
Au ndiye mwalimu mkuu mwenyewe, anapima upepo kabla ya kupuliza.

Chaki Nyeupe:
Mimi ni mwalimu. Maji ni ya kunawa. Watoto watalala shuleni, na uji umeahidiwa. Naomba turudi kwenye swali: aidini inapatikana katika duka la dawa la kawaida?

Mama Ufuta:
Inapatikana. Je, barua za wazazi zinataja salfa?

Chaki Nyeupe:
Zinataja ziara ya kimasomo.